Jogoo Aliyesalia

Mke wangu alipima kuku kwa mkono, mimi nilipima kwa mzani. Alimshika jogoo chini ya mabawa, akamwinua kidogo kama mtu anayechagua kabichi sokoni, kisha akataja uzito. Mimi nilimfunga miguu jogoo yule yule, nikamning'iniza kwenye mzani wa ndoano niliotoka nao Mgololo, nikaandika. Hatukutofautiana kwa zaidi ya robo kilo. Siku niliponunua mzani mpya niligundua kwamba katika hizo robo kilo, mwenye makosa alikuwa mzani ule wa zamani.

Kuandika vipimo ndiyo kazi niliyoifanya maisha yangu yote. Nilikuwa kiwanda cha karatasi cha Mgololo, kwenye chumba cha vipimo. Karatasi ilipotoka mashineni tulikata kipande, tukapima uzito, unene na nguvu inayohitajika kukichana, tukaandika, tukasubiri kingine. Sikuwahi kuulizwa maoni yangu kuhusu karatasi. Niliulizwa namba. Nilipostaafu tulihamia kwenye kiwanja chetu cha mlimani juu ya Iyunga, Mbeya, ambako asubuhi nyingi unayasikia malori ya barabara kuu yakipunguza gia na huyaoni kwa ukungu. Mke wangu alikuwa mtu wa Kalenga, upande wa Iringa, na kutoka kwao alikuja na kuku watano wa mama yake ndani ya tenga: jogoo mmoja na mitetea wanne, wenye miguu mirefu ya manjano na manyoya ya rangi ya kahawa. Walichelewa kutaga, lakini majogoo wao wakikomaa walikuwa mzigo wa kubeba kwa mikono miwili.

Hao ndio kuku ninaotaka kueleza habari zao. Jogoo wa mwisho wa ukoo ule alibaki mikononi mwangu, na kwa miezi kadhaa sikujua nimfanyeje.

Katika usharika wetu, Sikukuu ya Mavuno inakuja baada ya mahindi kukauka, kwenye baridi. Watu wanaleta madebe ya mahindi, viazi, maharage, maparachichi, mbuzi mmoja au wawili, na kuku wengi. Ibada ikiisha, mzee wa kanisa anasimama nje na kunadi kila kitu, na yule wa kwetu ananadi vizuri kiasi kwamba wanaokuja kumsikiliza ni wengi kuliko wanaokuja kununua. Sadaka ya mavuno haitakiwi kuwa masalio. Hilo halijaandikwa ukutani, lakini kila mtu analijua. Mwanamke akifika na jogoo mwembamba, wenzake hawasemi kitu. Wanamtazama jogoo, kisha wanamtazama yeye. Kwa hiyo kila mwaka, wiki moja kabla ya mavuno, mke wangu aliingia bandani, akawainua majogoo wote mmoja baada ya mwingine, akamtenga aliye mzito kuliko wote. Huyo alikuwa wa kanisani. Wengine walibaki na majike.

Mwaka wa tisa tangu tuhamie, paa lilivuja juu ya rafu yangu na daftari la kaunta likalowa. Nilikaa siku nzima nikihamisha namba kwenye daftari jipya. Mtu akiandika namba moja kila mwaka haoni kitu. Akiziandika zote kwa mkupuo, zinazungumza. Jogoo wa mavuno wa mwaka wa kwanza alikuwa na kilo nne kasoro kidogo. Wa mwaka ule wa tisa hakufika tatu.

Nikafanya kama tulivyofundishwa kiwandani, nikaondoa sababu moja moja. Chakula kilikuwa kile kile, pumba na mahindi yaliyovunjika. Chanjo tuliwapa, umri wa kuwapima haukubadilika, na mzani mpya niliulinganisha na wa dukani. Kilichobaki ni sisi wenyewe. Kila mwaka tulimtoa aliye mkubwa kabla hajazaa vya kutosha, tukamwachia kazi ya kuzaa yule wa pili na wa tatu. Watoto wao wakakua, nao tukamtoa mkubwa wao. Hakuna kuku hata mmoja aliyepungua mwilini. Kila mmoja alikua kadiri alivyozaliwa kukua. Ila waliozaa ni wale ambao hatukuwataka, na watoto huwafuata wazazi wao.

Nilitoka nje nikatazama kuku wa majirani kwa jicho hilo. Mlima mzima ulikuwa umefanya vilevile. Kila nyumba ilikuwa imetoa jogoo wake bora kila mwaka kwa moyo mmoja, na wanunuzi wa kule barabarani walichukua wakubwa waliofuata. Usharika wetu ulikuwa umejitengenezea kuku wadogo kwa uaminifu wake.

Nilimkuta mke wangu anapeta maharage. Nikamwonyesha daftari, nikaeleza namba kwa mpangilio. Alisikiliza hadi mwisho, ungo ukiwa magotini.

"Kwa hiyo nimpe Mungu wa pili?"

Nilisema labda wa pili mwaka huu, wa kwanza mwakani, ili mkubwa apate msimu mmoja wa kuzaa. Akacheka mpaka akaweka ungo chini. Akasema hayo ni mambo ya kiwandani, Mungu hana zamu za asubuhi na jioni.

Hata hivyo lilimkaa moyoni, kwa sababu siku chache baadaye aliniuliza jambo lenyewe linaitwaje. Nikamwambia vitabu vinaliita uteuzi asilia, na kwamba lile letu lilikuwa aina yake iliyofanywa na mikono ya watu bila kukusudia. Porini linakwenda hivyo hivyo bila mikono. Baridi, njaa, ugonjwa na mwewe huwaondoa baadhi, wanaobaki huzaa wanaofanana nao, na baada ya vizazi vingi kundi zima limekuwa jingine. Akauliza, huko porini mteuzi ni nani? Nikasema hakuna.

"Basi usiuite uteuzi," akasema. "Ni kusalia tu. Kama sisi tunavyosalia kanisani."

Alikuwa anatania, maana kusalia kwa maana ya kubaki na kusalia kwa maana ya kufanya sala ni neno moja masikioni. Nimesoma maelezo marefu ya jambo hilo, na sijaona aliyelisema kwa maneno machache zaidi. Anayesalia hakuteuliwa. Amebaki tu, na kwa kuwa amebaki, kesho inafanana naye.

Miaka mitatu baada ya hapo aliugua. Nilikaa naye hospitali mjini karibu wiki sita, nikirudi nyumbani mara mojamoja kubadilisha nguo. Chanjo ya kideri ni ya kila miezi mitatu, tone moja jichoni, na zamu ile ilipita bila mimi kukumbuka. Kideri kikaingia mlimani. Jirani yangu, mama mmoja aliyekuwa rafiki wa mke wangu na ambaye tangu zamani ananiita shemeji, alinipigia simu kunieleza kuku wangu wanapinda shingo na kuanguka. Nilimsikiliza nikiwa nimesimama kwenye korido ya wodi. Sikumwambia mgonjwa.

Lakini mgonjwa alikuwa anawaza kuku. Jioni moja alinishika kiganja akasema:

"Mavuno usiache kumpeleka jogoo. Yule mkubwa. Usiniletee hesabu zako."

Nikasema nitampeleka. Alifariki wiki hiyo.

Niliporudi nyumbani baada ya watu wa msiba kuondoka, nilikuta jogoo mmoja na mitetea watatu. Walikuwa zaidi ya thelathini. Sijui kwa nini hao wanne walibaki. Huenda walikuwa na kitu mwilini kilichoshindana na ugonjwa na ambacho wangewarithisha watoto, au walilala upande wa banda ambao upepo haukufika. Kwa kuku wanne huwezi kutofautisha nguvu na bahati. Niliandika "wanne" nikafunga daftari.

Miezi iliyofuata nilijifunza jinsi nyumba inavyopungua sauti. Nilipika ugali mara moja kwa siku, nikala nikiwa nimefunga mlango kwa sababu ya baridi. Nilimpima jogoo kila Jumamosi. Nilitaja uzito kwa sauti nikijisahau, nikasubiri kidogo, kisha nikaandika. Namba ambayo hakuna wa kuibishia ni kitu kigumu kukizoea. Jogoo mwenyewe niliogopa kumwacha nje, kwa hofu ya mwewe, ya wezi na ya kideri kurudi, hivyo usiku nilimlaza jikoni na mchana nikamlisha kwa mkono, mbali na mitetea. Akafikisha kilo tatu na nusu. Tangu nianze kuandika, nilikuwa nimepima wawili tu waliomzidi.

Mavuno yalipokaribia nikabaki na swali langu. Nikimpeleka, ahadi imetimia na ukoo wa kuku wake umekwisha, kwa maana hakuwa ameacha mtoto bado na mitetea wale hawakuwa na dume mwingine wa damu ile. Nikimbakiza, nimemwongopea mtu aliyekuwa anakufa.

Nikatafuta njia ya tatu. Nilikwenda Kalenga kutafuta jogoo mwingine wa ukoo ule kwenye mji wa mama mkwe, ambaye naye alishafariki. Kaka wa mke wangu alinipokea vizuri, akanisalimia "kamwene" ya Kihehe kwa mikono miwili, akanikalisha, akaagiza kuku achinjwe. Nilimwona kuku huyo anakamatwa: mwekundu, mnene, miguu mifupi. Uwanja mzima ulikuwa na wa namna hiyo. Nilipomweleza shida yangu alinionea huruma.

"Shemeji, wale wa mama waliisha zamani. Hawa ni chotara, wanataga kila siku. Wale wenu mlikuwa mnafuga miguu."

Akanieleza pia jambo ambalo sikuwahi kulisikia. Jogoo wa kwanza wa mama yao hakuwa wa Kalenga. Mama alimpata kwa Wabena, upande wa Njombe, alipokwenda msibani, na kabla ya hapo kuku wao walikuwa weupe wa kawaida. Nilikuwa nimeamini kwamba ninalinda kitu cha kale, kumbe nilikuwa nalinda safari moja ya msibani. Lakini ndicho kitu ambacho mke wangu alikishika kila asubuhi, na kwangu umri wake haukubadilisha chochote. Nilirudi Mbeya mikono mitupu.

Jumapili ya Mavuno nilipeleka debe la mahindi. Nilichagua mahindi mazuri, nikayapeta mara mbili. Mzee wa kanisa alilipokea, akatazama nyuma yangu kana kwamba kuna mtu mwingine anakuja, kisha akaniambia kwa sauti ya chini kwamba mwaka huu anaona mama hayupo. Hakusema kwa ubaya. Nilikaa benchi la nyuma, na mnada ulipoanza nikaondoka.

Ndipo nikaanza kazi ya kuhakikisha kwamba uongo wangu unaleta faida. Niliacha kumfungia jogoo, nikamtoa aishi na mitetea wake, nami nikakaa mlangoni na daftari kila asubuhi baada ya jua kukausha umande. Nilitaka watoto.

Jirani yangu naye alikuwa na jogoo. Mwanawe alimletea kutoka Usangu, bondeni kwenye joto. Alikuwa wa aina inayoitwa kishingo, ambayo shingo yake haina manyoya kabisa, ngozi nyekundu tupu kuanzia kichwani hadi kifuani. Kwenye joto hiyo ni faida, mwili unapoa haraka. Kwenye mlima wetu wa barafu ya Juni ni adhabu. Alikuwa mdogo, uzito wake hata sikujishughulisha kuuandika, na asubuhi alijikunyata mpaka akaonekana kama soksi. Alipita kwenye ua wa matete kila siku kuja kwangu. Mwanzoni nilimfukuza kwa mawe madogo, baadaye nikaona nimwandike.

Kishingo alikuwa na tabia moja. Akipata mdudu, hakumla. Alimdonoa, akamwangusha, akamdonoa tena, huku akitoa sauti ya chini ya harakaharaka, ko-ko-ko-ko, na mitetea wangu waliacha walichokuwa wakifanya wakakimbia. Yule aliyetangulia alikula mdudu mbele ya miguu yake. Kisha, si kila mara lakini mara nyingi, akachuchumaa mwenyewe apandwe. Jogoo wangu alikuwa mkubwa mara moja na nusu, mwenye mkia unaong'aa kijani, lakini akipata mdudu alimmeza. Alipomtaka mtetea alimkimbiza uwanja mzima, mtetea akipiga kelele, na mara alipomfikia na kushuka, mtetea alijikung'uta manyoya kama aliyemwagiwa maji. Nimesoma kwamba kuku jike anaweza kuzitoa nje mbegu za jogoo asiyemtaka. Kwa macho tu sikuweza kulithibitisha hilo. Niliandika kujikung'uta.

Sijui kama kutoita chakula alizaliwa nako au mimi ndiye niliyemharibu kwa kumlisha mkononi, jikoni, bila wenzake. Daftari langu halina safu ya kuonyesha hilo.

Nilichokiona wazi ni kwamba kusalia ni nusu ya habari. Baridi na ugonjwa vikishamaliza kazi yao, kuna mlango mwingine, na mlangoni amesimama jike. Hapo ndipo lile neno la vitabuni, uteuzi, linafaa kabisa, kwa sababu kuna anayeteua. Binti za mtetea anayependa mwito watapenda mwito kama mama yao, na wana wa jogoo anayeita wataita kama baba yao, kwa hiyo sikio na sauti vinarithiwa pamoja na kukua pamoja. Hata kama vina hatari. Asubuhi moja Kishingo aliinamisha kichwa anaita, upanga wake mwekundu wa kichwani ukionekana kutoka mbali, mwewe akashuka. Alimkosa kwa kidogo, akaondoka na manyoya ya mgongoni. Jogoo wangu aliyenyamaza alikuwa salama chini ya mparachichi, peke yake. Baada ya muda mfupi Kishingo alirudi uwanjani na kuita tena.

Ningeweza kuziba ua. Niliziba, kwa miiba na mabati mawili, lakini nilikuwa nimechelewa. Mbegu za jogoo hukaa ndani ya jike wiki mbili na zaidi, na mayai niliyokuwa nakusanya yalikuwa yale yale ya siku hizo. Niliyaweka kumi na moja chini ya mtetea mmoja aliyetaka kulalia. Wiki tatu nilikaa bila kumwambia mtu ninachosubiri.

Walianguliwa tisa. Nilimwinua mama yao kidogo nikawatazama. Watano walikuwa na shingo tupu, nyembamba na nyekundu kama kidole cha mtoto. Shingo ile ni alama isiyofichika. Ikionekana, baba anajulikana. Wanne walikuwa na manyoya shingoni. Lakini hapo pia hakukuwa na furaha ya uhakika, kwa sababu nyumbani kwa jirani nilishaona watoto wa Kishingo wenye manyoya. Huwapa alama hiyo baadhi tu ya watoto wake. Wale wanne wangeweza kuwa wa jogoo wangu, au wake wote. Hakuna kipimo changu ambacho kingeniambia.

Jirani yangu alikuja kunisalimia kesho yake, akawaona. Alishika kiuno.

"Shemeji, kumbe nyumbani kwako kuna harusi na hujanialika. Kuanzia leo usiniite shemeji. Mimi ni mkwe wako."

Nikamwambia Kishingo wake hakuleta hata barua ya posa. Akajibu kwamba kijana wake hana shati, barua angeitia mfuko gani. Alicheka, nami nikacheka, na sauti yangu ilinishtua kwa kuwa nilikuwa sijaisikia ikifanya hivyo muda mrefu. Kisha akaniangalia. Akaniuliza kwa nini sikumpeleka jogoo mavuno. Kumbe alijua. Mke wangu alimwagiza naye, siku alipokwenda kumwona hospitali, anikumbushe. Alikuwa ameamua kutonikumbusha, akisubiri nikumbuke mwenyewe.

Nilimweleza kila kitu kwa mpangilio: namba za miaka, kideri, Kalenga, mitetea watatu. Nilimaliza. Alikuwa ameokota kifaranga mmoja wa shingo tupu anampulizia pumzi ya moto.

"Dada alitaka jogoo aende," akasema. "Hakusema ukoo ubaki. Hilo la ukoo ni lako."

Wiki hiyo baridi ilikuwa kali na kulikuwa na barafu nyeupe juu ya majani ya viazi. Vifaranga wawili walikufa, wote wa shingo tupu. Hapo mtu angeweza kusema mlima unasahihisha kosa la mitetea wangu, na kama ningekaa pembeni na daftari, huenda wangebaki wale wanne wenye manyoya tu, nikajidanganya kwamba ni wake. Sikutaka kusalia kwa namna hiyo. Niliwaingiza waliobaki jikoni ndani ya boksi, karibu na jiko la mkaa, na wote saba wakaishi. Nilijua ninachokifanya. Nilikuwa naingilia, kama tulivyoingilia kila mwaka bila kujua.

Siku nne nilikaa na maneno ya jirani. Alikuwa na haki. Mke wangu hakunikabidhi ukoo wowote. Alicheka namba zangu akiwa mzima, na akiwa anakufa aliniomba nisimletee. Nilichokuwa nimekifungia jikoni usiku na kukilisha kwa mkono hakikuwa kuku wa Kalenga. Ilikuwa ni asubuhi zake bandani, na hizo hazitagi. Na kama mmoja wa wale vifaranga wanne alikuwa wa jogoo yule, basi damu yake ilishapita. Kama hakuwepo, mitetea walikuwa wameshasema.

Jumapili iliyofuata, ya kawaida kabisa, nilimfunga jogoo miguu, nikampima kwa mara ya mwisho, kilo tatu na robo tatu, nikampeleka kanisani. Siku za kawaida mezani kuna mayai machache, mkungu wa ndizi, pengine chupa ya maziwa. Mzee wa kanisa alimtazama jogoo, akanitazama mimi.

"Mzee, mavuno yalishapita."

"Najua," nikasema. "Huyu amechelewa."

Hakuuliza. Aliweka mkono juu ya mgongo wa jogoo. Baada ya ibada alimnadi kwa namna yake ya siku zote, akisema jogoo huyu ana miguu ya mkimbiaji na kiburi cha mwenyekiti wa mtaa, na kwamba sadaka iliyochelewa imenenepa njiani. Watu walicheka. Walikuwa wachache, wengi wameshaondoka kwa baridi. Mama mmoja ambaye simfahamu, wa kutoka ng'ambo ya bonde, mwenye buti za shambani chini ya kitenge, alimchukua.

Nilimfuata kabla hajafika njiani. Nilijisikia nina wajibu wa kumweleza kasoro, kama tulivyokuwa tukiandika kasoro kwenye kila karatasi kabla haijatoka. Nilimwambia jogoo ni mzito na ana afya, amechanjwa, lakini hajui kuita majike kwenye chakula. Anakula mwenyewe. Nikasema kwangu mitetea walimkataa kwa sababu hiyo, wakamwendea wa jirani.

Alimwinua jogoo kidogo chini ya mabawa.

"Kwangu hana jirani," akasema. "Kideri kiliniachia majike sita tu. Watamfundisha, au watamzoea."

Nilitaka kumuuliza anakaa wapi hasa, nikaona si haki yangu tena. Nikamwomba tu aniruhusu niifungue kamba ya miguuni niifunge upya, kwa kuwa niliona nimeikaza mno. Alimshikilia, nami nikainama nikaifungua, nikazungusha mara mbili badala ya tatu, nikaacha nafasi ya kidole. Kisha akamweka kwapani na kuanza kupanda.